Kupika ni kazi yetu, kuiva ni kazi ya chungu

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu. Wanafunzi huikariri katika insha zao, na wazazi huitumia kuwatuliza vijana wanaoyakimbilia mambo kabla ya wakati wake. Ni nadra, hata hivyo, kumpata mtu anayejiuliza hiyo "mbivu" inayozungumziwa ni nini hasa. Mimi ni mwalimu wa isimu katika chuo kikuu na nimekula chumvi ya miaka mingi darasani, lakini naungama kwamba sikuwahi kulitafakari neno hilo kwa makini mpaka siku njaa ilipobisha hodi nyumbani kwangu. Haikuwa njaa ya kukosa chakula. Ilikuwa njaa ya kukosa wakati wa kukipika.

Miaka miwili iliyopita, binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani alituaga mwezi wa Januari ili akaanze biashara yake mwenyewe. Tulimtakia heri, tukadhani kwamba mambo yangejipanga. Hayakujipanga. Mama watoto ni muuguzi na zamu zake hubadilika kila wiki. Mimi hutoka chuoni magharibi na kuingia katika msongamano wa magari wa Nairobi, nikafika nyumbani saa mbili za usiku, pengine saa tatu. Watoto wetu watatu hurejea kutoka shuleni saa kumi na moja wakiwa na njaa ya kweli. Githeri huhitaji saa tatu motoni. Maharagwe makavu huhitaji saa mbili na zaidi. Ni nani angekuwapo kukilinda chungu muda wote huo?

Basi tukaangukia chipsi za kununua njiani. Jioni ambazo hatukununua chipsi tulikunywa chai kwa mkate, na tulipochoka na mkate tulichemsha zile tambi za pakiti zinazoiva kwa dakika tatu. Tukawa tunakula kama wasafiri katika nyumba yetu wenyewe: huyu saa kumi na mbili, yule saa mbili, mwingine amesimama karibu na friji. Na mimi, kwa ujinga ambao hata shahada ya uzamifu haiutibu, nikaanza kunung'unika. Jioni moja nilimuuliza mama watoto kwa nini siku hizi hatuli chakula cha maana. Hakunijibu kwa maneno. Alifungua kabati, akatoa mfuko wa maharagwe, akauweka mezani mbele yangu, kisha akaenda zake kulala. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, na mchana wote hakuwa amefumba jicho.

Nilibaki nikiyatazama yale maharagwe. Hapo ndipo taaluma yangu iliponijia, tena kwa njia ya aibu.

Msomaji mpendwa, Kiswahili hakisemi kwamba chakula "kinapika". Mtu ndiye apikaye. Chakula, kwa upande wake, huiva. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mambo haya mawili, hivi kwamba mpishi na maharagwe huwa kana kwamba wanafanya kazi ile ile. Sisi tumeyatenganisha. Kupika ni kitendo cha binadamu: kuchambua, kuosha, kuinjika, kuunga, kuipua na kupakua. Kuiva ni jambo linalotokea ndani ya chakula chenyewe, kwa wakati wake chenyewe. Ndiyo maana kitenzi hicho hicho hutumika kwa embe lililo mtini na kwa ndizi iliyovumbikwa. Kishona nacho husema "kuibva" na Kizulu husema "ukuvuthwa", kwa tunda na kwa chungu vilevile. Kinyume cha mbivu ni mbichi, na ubichi huo ni wa nyama na wa papai pasi na kubagua. Hakuna mkulima anayeketi chini ya mwembe mchana kutwa akilisubiri embe liive. Hupanda, hupalilia, kisha huenda zake.

Swali ni je, kwa nini tunamtaka mama aketi mbele ya chungu?

Nilipoyafikiri hayo nilitambua kwamba nyumbani kwetu hapakuwa na upungufu wa wakati wa kupika. Nilipoihesabu kazi ya mikono inayohitajika katika githeri, kuanzia kuchambua hadi kukaanga vitunguu, haikuzidi dakika 40. Saa zilizobaki ni za kuiva, na kuiva hakumhitaji mtu. Kunahitaji joto tu, na ulinzi ili chakula kisiungue. Tulikuwa tumeyachanganya mambo mawili ambayo lugha yetu imeyatenga, na mzigo wa mchanganyiko huo tulikuwa tumemtwika mtu mmoja.

Baada ya kuupata ufahamu huo, nilifanya kosa ambalo sitalisahau. Ndugu yangu alipokuwa akirejea kutoka Marekani alikuwa ametuletea sufuria ya umeme ya kupikia polepole, ile yenye chungu cha kauri ndani na kifuniko cha kioo. Ilikuwa imekaa juu ya kabati mwaka mzima. Asubuhi moja niliitoa, nikatia maharagwe mekundu yaliyolowekwa, nikaongeza maji, nikageuza kitasa hadi kwenye joto la chini, nikaenda kazini nikijiona mwerevu. Jioni tulikula. Kabla ya saa sita za usiku, watoto wawili walikuwa wakitapika. Mama yao aliwahudumia usiku kucha kama anavyowahudumia wagonjwa wengine, na kulipopambazuka walikuwa nafuu. Kisha akanieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, jambo ambalo muuguzi analijua na mwanaisimu halijui.

Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili iliyo katika kundi la protini ziitwazo lektini. Sumu hiyo huangamizwa na maji yanayotokota kwa nguvu, kwa muda usiopungua dakika 10. Ile sufuria ya umeme ikiwekwa kwenye joto la chini huenda isifike kiwango cha kutokota, na maharagwe yaliyopashwa joto bila kutokoswa yaweza kudhuru zaidi hata kuliko mabichi. Yatakuwa laini, yatanukia vizuri, lakini hayatakuwa salama. Kanuni ni nyepesi, nami naomba kila anayesoma makala haya aishike hata akiyasahau mengine yote: loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji uliyolowekea, weka maji mapya, kisha uyatokose kwa nguvu jikoni kwa nusu saa ndipo uyahamishie kwenye chombo cha kuivishia polepole. Nusu saa ni zaidi ya kiwango cha lazima, lakini usalama hauna hasara.

Sufuria hiyo ya umeme ina historia ya kuvutia. Aliyeibuni ni Irving Naxon, mhandisi wa mji wa Chicago, ambaye alipewa hataza mwaka 1940. Alisimulia kwamba wazo hilo alilipata kwa mamaye, aliyekulia Lithuania katika jamii ya Wayahudi. Kwa kuwa Sabato hairuhusu kuwasha moto, kila Ijumaa kabla ya jua kutua chungu cha maharagwe, nyama na mboga kilipelekwa kwa mwoka mikate, kikaachwa ndani ya tanuri lililokuwa likipoa polepole hadi siku ya pili. Kampuni ya Rival ilikinunua kiwanda cha Naxon mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaanza kuiuza sufuria hiyo kwa jina la Crock-Pot. Iliwafaa sana akina mama waliokuwa wakiingia katika kazi za ajira kwa wingi. Kwa hiyo kile kinachoonekana leo madukani kuwa ni ufundi wa kisasa ni chungu cha kale kilichotiwa waya.

Waama, hata sisi hatukuwa na haja ya kusubiri waya. Mtu wa pwani anayepika pilau hupunguza moto chini, akapalia makaa juu ya kifuniko, akauacha wali ukauke taratibu kwa joto la juu na la chini. Bokoboko, lile pishi la ngano na nyama linalopendwa Mombasa na Lamu, huachwa kwenye moto mdogo kwa saa nyingi mpaka nyama na ngano vishindwe kutambulikana. Bara nako, viazi vitamu vilivumbikwa katika jivu la moto wakati watu walipokwenda kulala. Maneno haya, kupalia, kuvumbika na kutokosa, ni ushahidi kwamba wazee wetu waliujua moto wa haraka na moto wa subira, wakaupa kila mmoja kazi yake.

Aliyenirudisha kwenye ujuzi huo ni mama yangu mzazi. Alikuja kututembelea kutoka Machakos wiki chache baada ya kile kisa cha maharagwe. Siku ya pili alinikuta jikoni Jumamosi asubuhi, nimekaa kitini mbele ya sufuria ya muthokoi, kitabu mkononi, nikiyaongeza maji kila yalipopungua.

"Mwanangu," aliniuliza, "huyo umlindaye ni mwizi au ni mahindi?"

Nikamwambia kwamba muthokoi bila kulindwa huungua.

"Huungua kwa sababu umeuacha moto," alisema. "Uondoe moto, ubakize joto."

Aliuacha muthokoi utokote kwa muda wa nusu saa nyingine. Kisha akaomba katoni kubwa, blanketi kuukuu na mto. Akalitandika blanketi ndani ya katoni, akaiteremsha sufuria pamoja na kifuniko chake, akaifunika kwa mto, akalikunja blanketi juu yake kama anayemlaza mtoto. Akatuambia twende sokoni. Tuliporudi alasiri, muthokoi ulikuwa umeiva, moto bado, na wala haukuwa umegusa chini ya sufuria. Watoto walimshangilia nyanya yao kana kwamba amefanya mazingaombwe.

Hayakuwa mazingaombwe. Chakula hakiivi kwa sababu ya mwali. Huiva kwa sababu ya joto lililo ndani ya maji. Maji yakishatokota, moto unaoendelea kuwaka chini hufanya kazi ya kufidia joto linalopotea hewani, kwa mvuke na kwa ubavu wa sufuria. Ukiuziba upotevu huo, huhitaji kuufidia. Blanketi, pamba, manyoya, vipande vya sponji, majani makavu ya migomba, hata nyasi kavu, vyote huikamata hewa na kulizuia joto lisitoke. Chombo cha namna hii kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867 na Mnorwe aitwaye Johan Sørensen, na wakati wa Vita Vikuu vya Dunia serikali ya Uingereza iliwahimiza raia wapike kwa masanduku yaliyojazwa nyasi ili kuokoa makaa. Humu nchini, maafisa wa Wizara ya Kilimo wanaoshughulikia uchumi wa nyumbani wamevifundisha vikundi vingi vya akina mama kuvitengeneza vikapu vya aina hiyo. Mimi hukiita jiko la kikapu. Ajabu ni kwamba ujuzi huu unafahamika vijijini kuliko mijini, ilhali ni mjini ambako watu wanalalamika kwamba hawana wakati.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni mwinuko wa nchi. Mombasa, maji hutokota katika joto la nyuzi 100. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hutokota katika nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo maharagwe yale yale huchukua muda mrefu zaidi kuiva Nairobi, na zaidi tena huko Limuru au Nyahururu. Watu wengi hulikwepa tatizo hilo kwa kutia magadi. Ni kweli kwamba magadi hulainisha upesi, lakini huiharibu vitamini B1 iliyomo katika nafaka na kunde, na hukibadilisha chakula ladha. Mwenye jiko la kikapu hana haja ya magadi, maana halipii muda.

Sasa nieleze tunavyokula nyumbani, huenda ikamfaa mwenye shida kama yetu. Jumapili jioni tunaloweka mahindi na maharagwe. Jumatatu, yeyote anayeamka kwanza huyainjika saa kumi na moja ya alfajiri, na wakati watu wanaoga na kuvaa sare, sufuria inatokota. Mahindi makavu ni magumu, hivyo githeri huyapa dakika 50. Muthokoi, uliokwisha kukobolewa, hutosheka na 30. Kabla ya kutoka tunaifunga kikapuni. Mtoto wa kwanza kufika saa kumi na moja jioni, mwenye umri wa miaka 15, huitoa, akakaanga vitunguu na nyanya, akaunga, akakitokosa chakula upya. Kazi hiyo humchukua dakika 20. Jumanne ni ndengu, ambazo zikilowekwa hutosheka na dakika 15 za moto na saa mbili za kikapu, na kwa kuwa ni za haraka huziinjika jioni watoto wanapoanza kufanya kazi za shule. Wali hutokota dakika tano tu, kisha hukaa kikapuni kwa saa moja, nao hauungui hata ukisahauliwa. Mbaazi za nazi tunazipika Ijumaa, tui zito likitiwa mwishoni. Supu ya mifupa ya ng'ombe ni ya Jumamosi, siku ambayo kuna mtu nyumbani wa kuirudisha motoni katikati ya mchana.

Masharti yake si mengi, lakini hayana mjadala. Sufuria ijae angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo hupoa upesi. Kifuniko kikaze. Maji yawe pungufu kidogo kuliko kawaida, maana hayapotei. Kikapu kikishafungwa kisifunguliwe kwa udadisi. Kila anayechungulia huiba joto. Kwa nyama, vipande viwe vidogo na vitokote vyema kabla ya kufungwa. Na la muhimu kuliko yote, chakula kikitoka kikapuni kirudishwe motoni mpaka kitokote tena ndipo kiliwe, kwani vijidudu huzaliana chakula kinapokaa muda mrefu katika joto lililo chini ya nyuzi 60. Hili linawahusu hata wenye sufuria za umeme. Sisi Wakenya tunaijua tabia ya umeme wetu. Hatujasahau tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani. Ukirejea nyumbani ukakuta saa ya ukutani inamwekamweka kuonyesha kwamba umeme ulipotea mchana, usikionje kile chakula ukadhani ulimi utakuambia kama ni salama. Ulimi hauna elimu hiyo.

Sidai kwamba kikapu ni dawa ya kila pishi. Ugali hautaki kikapu, unataka mkono. Sukuma wiki ikikaa humo itapoteza rangi na hadhi yake. Chapati nazo ni za kaango. Hata hivyo, vyakula vinavyotushinda kwa kukosa wakati ndivyo hasa vinavyokifaa kikapu: nafaka nzima, kunde, mifupa na nyama ngumu. Na vyakula hivyo ndivyo vyenye bei nafuu na lishe bora. Kwa maneno mengine, tumeviacha vyakula vya bei nafuu kwa kuwa ni vya polepole, tukavikimbilia vya bei ghali kwa kuwa ni vya haraka, kisha tukalalamika kwamba maisha yamepanda.

Kuhusu gharama, mkoba wangu ni shahidi. Mtungi wa gesi wa kilo 13, uliokuwa ukituishia kwa wiki tano, sasa unapita wiki nane. Kwa anayetumia makaa au kuni, faida si ya mfuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Jiko la kauri, ambalo limeenea humu nchini tangu miaka ya 1980, lilipunguza makaa yanayochomwa. Kikapu hupunguza muda wenyewe wa kuyachoma. Mama aliyekuwa akivuta moshi kwa saa tatu akiuvuta kwa nusu saa, hiyo si hatua ndogo.

Nimewasikia wanaopinga. Wako wasemao kwamba kupikia kwenye kikapu ni alama ya umaskini na kwamba mtu aliyesoma anapaswa kununua mtungi mwingine wa gesi. Hao nawauliza: tangu lini kutopoteza kukawa ufukara? Wako wengine, na hawa ni wengi zaidi, wanaoamini kwamba chakula kisichosimamiwa hakikupikwa kwa upendo, na kwamba mwanamke anayeliacha jiko akaenda kulala au kusoma ni mvivu. Dai hili linastahili kujibiwa kwa uwazi, kwa sababu limewachosha wanawake wa nchi hii vizazi na vizazi. Upendo haupimwi kwa muda ambao mtu ameketi juu ya kigoda akipuliza moto. Mama aliyelala saa mbili mchana baada ya zamu ya usiku, kisha akaketi mezani na wanawe jioni akiwa na nguvu ya kucheka, amewapa upendo zaidi kuliko yule aliyewapakulia kwa macho mekundu na kwenda kitandani bila kula.

Na sisi wanaume tusijifiche nyuma ya kikapu. Tulizoea kujitetea kwamba upishi ni kazi ndefu na kwamba ajira zetu hazituruhusu. Sasa utetezi huo umeporomoka. Ikiwa kazi ya mkono ni dakika 40, na 20 kati ya hizo ni za alfajiri, ni mwanamume gani asiyeweza kuinjika sufuria kabla ya kufunga tai? Jifya moja haliinjiki chungu. Ninakiri kwamba mwanzoni nilikuwa nikiinjika huku nikiomba jirani asinione. Leo naifanya kazi hiyo bila kufunga pazia, na mwanangu wa kiume, aliye na umri wa miaka 12, hajui kwamba kuna wakati ilikuwa aibu. Hilo kwangu ni mavuno makubwa kuliko gesi yote niliyookoa.

Kuna mengi yanayoweza kufanywa kuliko haya ya nyumba moja. Shule zinazofundisha Sayansi Kimu zinaweza kumfanya kila mwanafunzi ashone kikapu chake cha kuivishia. Si kazi ya muhula mzima. Mafundi wa jua kali, ambao mikono yao ndiyo iliyolieneza jiko la kauri, hawawezi kushindwa na sanduku la mbao lililojazwa vipande vya sponji. Wasusi wa vikapu na vyondo huko Ukambani wana kipaji ambacho hadi sasa tumekitumia kuwapendeza watalii kuliko kujilisha. Serikali za kaunti, ambazo hutumia fedha nyingi kuhubiri lishe bora, zingeongeza kwenye mahubiri hayo somo la namna ya kuyaivisha maharagwe bila kumchosha anayeyapika. Ni bure kumwambia mama wa mjini awape wanawe kunde na nafaka nzima ilhali hatumwambii atazipata wapi saa tatu za kuzitokosa.

Jioni hizi, watu watano huketi kwenye meza moja nyumbani kwetu angalau siku nne kwa wiki. Hatuzungumzi mambo makubwa. Mmoja hulalamikia hesabu, mwingine husimulia visa vya matatu, na mama watoto hutueleza yale ya hospitalini yanayosimulika. Lile katoni la mama yangu lilichakaa, tukanunua kikapu kikubwa cha ukindu, naye akakishonea kitambaa na kukijaza sponji alipotutembelea mara ya pili. Ile sufuria ya umeme imerudi juu ya kabati. Haina kosa, kosa lilikuwa langu.

Methali ile ya mbivu niliifundisha tena darasani muhula uliopita. Niliwaeleza wanafunzi kwamba mvumilivu si lazima awe mtu aliyekaa tu akisubiri. Anaweza kuwa mtu aliyeifanya sehemu yake vizuri, akaufunga mlango, akaenda kazini, akakiachia chungu sehemu yake. Wewe nawe, msomaji wangu, leo usiku kabla hujalala, loweka maharagwe.